Umeme wa Pikipiki Mjini Kamina

Umeme wa pikipiki ndogo hutoka kwenye koili za waya wa shaba zilizofungwa upande wa kushoto wa injini, chini ya kifuniko cha alumini. Bakuli la chuma lenye sumaku huzunguka pamoja na kranki, na kila sumaku inapoipita koili, mkondo huzaliwa ndani ya waya. Watengenezaji waliupima mkondo huo kwa kazi chache: cheche ya plagi, taa, honi, indiketa na kuijaza betri ndogo iliyo chini ya kiti. Simu, redio, spika na taa za ziada zilikuja baadaye, na zote zinakula katika chungu hichohicho. Mjini Kamina, katika Jamhuri ya Kidemokrasia ya Kongo, makao makuu ya jimbo la Haut-Lomami tangu Katanga igawanywe mwaka 2015, matumizi hayo ya ziada yana historia ya pekee, kwa sababu mji huo umepitiwa na umeme mkubwa kwa miongo mingi bila umeme huo kuingia katika nyumba zake nyingi.

Kamina ilikua kwa ajili ya reli. Reli ya Katanga ilifika Bukama, kwenye mto Lualaba, mwaka 1918. Kutoka hapo kampuni ya BCK ilifungua njia mpya kuelekea kaskazini-magharibi, na mwaka 1928 ikafika Port-Francqui, Ilebo ya leo, kando ya mto Kasai. Mwaka 1956 likaongezwa tawi la Kabalo, lililoiunganisha Kamina na Kalemie, na kwa kuvuka Ziwa Tanganyika, na Kigoma. Katika miaka hiyohiyo ya 1950 BCK ilitandaza nyaya za volti 25,000 juu ya reli inayotoka kusini, katika eneo la migodi. Nyaya hizo huishia Kamina; treni inayoendelea kwenda Kasai au Kabalo hubadilishiwa kichwa na kuvutwa kwa dizeli. Nje ya mji Wabelgiji walikuwa wamejenga, baada ya Vita Kuu ya Pili, kambi kubwa ya kijeshi yenye uwanja wa ndege, na mwaka 1954 kituo cha nguvu za maji cha Kilubi, chenye uwezo wa takriban megawati 10, kikaanza kazi.

Mwanzoni mwa miaka ya 1980 ukapita umeme mkubwa kuliko wote huo: laini ya kutoka bwawa la Inga hadi Kolwezi, yenye urefu wa kilomita 1,700 hivi, iliyojengwa ili kulisha migodi ya shaba. Laini hiyo hubeba mkondo mnyoofu, na mkondo wa aina hiyo hauchukuliwi njiani kwa transfoma ya kawaida. Panahitajika kituo cha kuugeuza kuwa mkondo geu, na kituo hicho ni ghali kupita uwezo wa mji mdogo, sembuse kijiji. Hivyo umeme ulipita juu ya vichwa vya watu ambao jioni waliwasha vibatari. Hali ya nchi nzima bado haijaachana sana na hiyo: kwa makadirio ya Benki ya Dunia, karibu Mkongo mmoja tu kati ya watano anapata umeme. Suala hilohilo la mkondo geu na mkondo mnyoofu limo pia ndani ya pikipiki, kwa kipimo kidogo sana, na ndilo linaloeleza sehemu kubwa ya yanayofuata.

Pikipiki za kwanza hazikuwa na umeme wa kutoa. Magneto, iliyokamilishwa na kampuni ya Bosch mwaka 1902, ilizalisha cheche ya plagi peke yake, na taa ilikuwa ya gesi ya asetilini, inayotokana na maji yanayodondokea kabaidi. Dainamo zilienea baada ya Vita Kuu ya Kwanza. Ubelgiji, iliyoitawala Kongo wakati huo, ilikuwa na viwanda vyake vya pikipiki, FN, Saroléa na Gillet, vyote Herstal karibu na Liège, na mashine za kizazi hicho ziliendeshwa kwa volti 6. Dainamo ya wakati huo ilitoa wati 30 hadi 60. Taa ya mbele ilichukua nusu au zaidi, na kilichobaki kilitosha honi na taa ya nyuma.

Mazoea ya kuchukua umeme wa chombo na kuupeleka kwenye kifaa kingine hayakuanzia kwenye pikipiki. Nchini Marekani magari yalikuwa na tundu la kiwashio cha sigara tangu kabla ya Vita Kuu ya Pili, na katikati ya miaka ya 1950 viwanda vya huko vilihama kutoka volti 6 kwenda 12. Volti 12 zikawa lugha ya pamoja ya vifaa vya safari. Katika Kongo ya miaka ya 1980, iliyoitwa Zaire wakati huo, barabara zilipokuwa zimeharibika na simu za waya zimekufa, misheni, wafanyabiashara na idara za afya waliwasiliana kwa redio za masafa mafupi, ambazo Wakongo huziita foni. Foni hutumia betri ya gari ya volti 12. Opereta alijua namna ya kuijaza kwa paneli ya jua au jenereta, namna ya kuitambua betri iliyochoka, na kwamba waya chanya ukigeuzwa kifaa hufa papo hapo. Ujuzi huo ulikuwapo kabla simu ya mkononi haijafika, na unastahili kuhesabiwa kuwa shule ya kwanza ya ufundi unaozungumziwa hapa.

Pikipiki nazo zilichelewa kufika kwenye volti 12. Mashine nyingi ndogo za Kijapani za miaka ya 1970 zilikuwa na volti 6, zikiwemo Honda CG125 za mwanzo, zilizotoka mwaka 1976. Wakati huohuo pikipiki kubwa zilikuwa zimeshaenda mbali: Honda Gold Wing ya mwaka 1975 ilikuwa na alteneta ya karibu wati 300, na mwenye chombo kama hicho angeweza kuvaa koti lenye joto la umeme bila betri kulalamika. Zile zilizoijua Afrika, kama Yamaha DT125 na AG100 zilizopewa wauguzi, mabwana shamba na mapadri, zilijengwa kwa shabaha tofauti. Zilitakiwa kuwaka kwa kiki hata betri ikifa. Koili ya cheche ilitengwa na koili ya taa, kila moja na waya wake, na mfumo mzima ulikuwa mwepesi kiasi kwamba mtu mwenye koleo na taa ya kujaribia angeweza kuutengeneza kijijini. Wepesi huo ulilipwa kwa umeme mdogo.

CG125 ndiyo iliyogeuka kuwa mama wa pikipiki za bei nafuu duniani. Injini yake ya fito za kusukuma vali ilivumilia vumbi na oili chafu, na viwanda vya China viliinakili kwa miaka mingi, safari hii ikiwa na volti 12. Vita vya Kongo vilipokwisha rasmi na serikali ya mpito ikaundwa mwaka 2003, nakala hizo, na baadaye Bajaj Boxer na TVS kutoka India, zilianza kumiminika. Mizigo ya Katanga hupitia bandari ya Dar es Salaam, Tunduma na Zambia hadi Kasumbalesa, kisha Lubumbashi. Kutoka hapo Kamina ni safari ya kilomita 600 hivi kwa reli. Treni zilipozidi kuwa za kusubiriwa, pikipiki ikawa usafiri wa kila siku kati ya stesheni, soko na vitongoji, na kwenda Kaniama, Kabongo na Bukama.

Simu zilifika katika kipindi hichohicho. Celtel ilianza kazi nchini Kongo mwaka 2000 na Vodacom mwaka 2002. Ghafla kila mwenye biashara alikuwa na kitu mfukoni kinachohitaji umeme kila baada ya siku chache. Simu za Nokia za wakati huo, kama 1100 ya mwaka 2003, zilichajiwa kwa pini nene ya milimita 3.5, na zilizofuata zilitumia pini nyembamba ya milimita 2. Katika miji ya Kongo vibanda vya kuchaji vilijaa, vikitumia jenereta ndogo au betri za gari. Mwendesha pikipiki aliyekuwa akilipa kibandani kila mara alikuwa ameketi juu ya mtambo wa umeme unaozunguka mara elfu kadhaa kwa dakika, na haikuchukua muda mafundi kuliona hilo. Kote Afrika Mashariki wazo lilikuwa hewani: mwaka 2009 wanafunzi wawili wa Chuo Kikuu cha Nairobi walijulikana kwa kifaa cha kuchaji simu kwa dainamo ya baiskeli, na Juni 2010 Nokia yenyewe ilitangaza jijini Nairobi chaja yake ya baiskeli.

Tatizo la kwanza la fundi lilikuwa kushusha volti. Betri ya pikipiki ikiwa imejaa na injini imezimwa husoma volti 12.6 hivi, na injini ikikimbia husoma kati ya 13.5 na 14.5. Simu hutaka volti 5 au zaidi kidogo. Njia rahisi ilikuwa kipande cha kielektroniki chenye miguu mitatu, 7805, ambacho huuzwa katika maduka ya mafundi redio na kung'olewa katika vifaa vibovu. Hutoa volti 5 safi, lakini kile kinachozidi hukigeuza kuwa joto. Simu ikivuta ampea 1, volti 9 zinazosalia huwa wati 9 za joto, karibu mara mbili ya umeme unaoingia kwenye simu yenyewe. Ndiyo sababu kipande hicho kilifungwa kwenye bati la alumini, na fundi asiyejua alikishangaa kikiunguza plastiki ya taa ya mbele.

Chaja za gari zilizotengenezwa China zilimaliza usumbufu huo. Ndani yake mna saketi inayokata na kuunganisha mkondo maelfu ya mara kwa sekunde, ikipitisha kwenye koili ndogo, kwa hiyo joto ni dogo na umeme unaopotea ni mchache. Mafundi walizivunja magamba, wakaunga waya moja kwa moja na kuzifunga kwa mpira wa tairi dhidi ya mvua. Kisha kiwango cha USB, kilichozaliwa mwaka 1996 kwa ajili ya kompyuta, kikageuka kuwa tundu la kuchajia la dunia nzima. Watengenezaji wakubwa walikubaliana barani Ulaya mwaka 2009 kutumia tundu la maikro-USB, na ugomvi wa pini nene na pini nyembamba ukaisha polepole. Leo tundu la USB lenye kifuniko cha mpira, linalofungwa kwenye usukani karibu na kioo, ni bidhaa ya kawaida ya duka la vipuri.

Kufunga tundu hilo vizuri ni kazi inayoonekana ndani ya kasha la taa ya mbele. Kwenye mashine za ukoo wa CG125, skrubu zikitolewa, hutokea fungu la nyaya zenye rangi zilizorithiwa kutoka Honda. Kijani ni hasi, yaani ethi. Nyekundu hutoka moja kwa moja kwenye betri na ina umeme wakati wote. Nyeusi hupata umeme baada ya ufunguo kuwashwa. Nyeupe huleta mkondo wa kuchaji kutoka kwenye koili, na njano ni ya taa ya mbele. Fundi mzuri huchukua umeme wa chaja kwenye nyeusi, ili mwenye pikipiki akitoa ufunguo chaja nayo ilale. Huweka fyuzi ndogo, ampea 2 au 3, mahali waya wa ziada unapoanzia. Huziunganisha ncha kwa risasi ya kulehemu, huzifunika, na kupitisha waya mbali na shingo ya usukani, pale unapopindwa kila kona.

Waya wa njano ndio uliowaponza wengi. Unasoma volti 12 na zaidi kwenye kipimo kilichowekwa mkao wa mkondo geu, na taa ya majaribio huwaka kwayo, hivyo asiyejua huuona kuwa mzuri. Lakini umeme wake haujanyooshwa. Hubadili mwelekeo mara nyingi kwa sekunde. Chaja ya simu iliyounganishwa hapo huungua, na balbu ya LED inayowekwa badala ya balbu ya kawaida hupepesa injini inapopunguza mwendo. Kunyoosha ni kazi ya kile mafundi wanachokiita regyuleta, kijisanduku cha alumini chenye mapezi na pini nne. Ndani yake upande mmoja wa wimbi hupelekwa kwenye betri na upande wa pili kwenye taa, na kila umeme unaozidi hutupwa kwenye ethi. Regyuleta ikifa, moja kati ya mambo mawili hutokea: ama betri haichajiwi kabisa, ama volti hupanda kupita 15, betri ikachemka na vifaa vyote vya ziada vikafa pamoja. Betri yenyewe hufanya kazi ya kutuliza mawimbi. Mwenye pikipiki anayeitoa betri mbovu na kuendelea kutembea kwa kiki, kwa kuwa injini bado inawaka, huacha chaja na redio yake zikipigwa na umeme unaopanda na kushuka ovyo.

Hesabu ya umeme huo ni nyembamba kuliko watu wengi wanavyofikiri. Taa ya mbele ya kawaida huchukua wati 35, ya breki 21, na kila indiketa 10. Simu moja inayochajiwa kwa wati 10 huvuta kama ampea 1 kwenye betri, ikijumlishwa na kinachopotea kwenye chaja. Barabarani, mchana, taa ikiwa imezimwa, koili inaumudu mzigo huo bila shida. Usiku, injini ikinguruma taratibu kwenye foleni au kituoni, koili huenda isitoshe hata taa peke yake, na simu hula akiba ya betri. Injini ikizimwa kabisa, betri ya ampea-saa 5 inayolisha simu moja hufikia nusu baada ya saa mbili na nusu, na betri za asidi na risasi zinazoshushwa chini ya nusu kila siku hufa mapema sana. Betri nyingi zinazolaumiwa kuwa ni bandia zimeuawa kwa njia hiyo, kituoni, abiria wakisubiriwa.

Haja ya simu iliyo hai iliongezeka mwaka 2012, Vodacom ilipoanzisha M-Pesa nchini Kongo, na kampuni nyingine zikawa na huduma kama hiyo. Tangu hapo simu iliyozimika humaanisha pia pesa isiyofikiwa na nauli isiyolipwa. Mwendesha pikipiki anayepigiwa na wateja wake wa kila siku hawezi kufanya kazi bila chaji, na chaja ya usukani ikahama kutoka kuwa pambo na kuwa kifaa cha kazi.

Mapambo hayakukosekana, hata hivyo. Redio ndogo za pikipiki zenye tundu la flashi na spika mbili zilienea, pamoja na honi za sauti nyingi na mikanda ya LED chini ya tangi. LED ndiyo iliyowezesha haya yote. Taa inayotoa mwanga wa balbu ya wati 35 sasa hutumia sehemu ndogo tu ya umeme huo, na anayebadilisha taa yake kwa usahihi, akiilisha kwa mkondo wa betri, hupata nafasi ya kuchaji simu bila kuielemea koili. Anayeongeza LED mbili kubwa juu ya balbu ya zamani hupata kinyume chake. Redio huvuta kidogo ikiwa kwa sauti ya chini. Ikipazwa, spika zake huwa mzigo mkubwa kuliko chaja.

Mshindani wa umeme wa pikipiki alitoka juani. Bei ya paneli ilishuka sana baada ya mwaka 2010, na paneli ndogo zikatosha kuchaji simu na kuwasha taa za nyumba. Kazi ya pikipiki haikuisha, kwa sababu mtu aliye njiani kati ya Kamina na Kabongo hawezi kukaa chini ya paneli. Kilichobadilika ni mgawanyo: nyumbani jua, barabarani koili. Uhusiano wa vitu hivyo viwili ni wa karibu pia kwa fundi, maana vyote huishia kwenye betri ya volti 12 na waya zilezile.

Mabadiliko yanayofuata yameshaanza katika nchi zilizo mashariki ya Kongo. Jijini Kigali pikipiki za umeme zinabeba abiria tangu mwaka 2019, na Nairobi na Kampala pia zinazo. Pikipiki hizo hazina koili ya kuchaji wala bakuli la sumaku upande wa kushoto. Betri yake kubwa ina volti nyingi, na kigeuzi huzishusha hadi 12 kwa ajili ya taa, honi na tundu la USB. Chaja ya volti 12 iliyofungwa kwenye usukani wa Boxer au TVS mjini Kamina inaweza kufunguliwa na kufungwa kwenye pikipiki ya namna hiyo kama ilivyo.